Baba Nje ya Lango: Historia ya Wanaume na Shule ya Nasari

Siku hizi kina baba wanafundishwa kuwa baba. Wanakaa kwa duara chini ya mti au ndani ya ukumbi wa kanisa, wanaume kumi au kumi na wawili, na mwezeshaji anawauliza maswali ambayo babu zao wangeyashangaa. Mara ya mwisho ulimwogesha mtoto lini? Huyo wa miaka minne anapenda hadithi gani? Rafiki yake huko nasari anaitwa nani? Wengine hucheka. Wengine huangalia simu. Wachache hunyamaza kwa namna inayoonyesha kwamba swali limewapata.

Mipango ya aina hii imeenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 2010. Inawalenga wanaume wenye watoto ambao bado hawajafika darasa la kwanza, na sababu yake inaeleweka. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi sana katika miaka hiyo, na mtoto anayeongeleshwa, anayechezeshwa na kusimuliwa hadithi nyumbani huingia shuleni akiwa na akiba ya maneno. Akipata hayo kutoka kwa watu wawili badala ya mmoja, akiba inaongezeka.

Sina ugomvi na nia hiyo. Ugomvi wangu ni na maelezo yanayotangulia karibu kila mpango: kwamba katika utamaduni wa Kiafrika mtoto mdogo ni kazi ya mama, na kwa hivyo mwanamume wa Kiafrika anahitaji kubadilishwa mawazo. Maelezo hayo husemwa kama vile hali hiyo ilishuka kutoka kwa mababu bila kuguswa na mtu. Lakini ukifuata historia ya Kenya kwa miaka mia moja na ishirini hivi, utamkuta huyu baba wa mbali ana tarehe. Ameandikwa kwenye sheria za kodi, kwenye kipande, kwenye hesabu za mishahara. Na nasari yenyewe, hii tunayomtaka aingie, ilijengwa mahali ambapo yeye hakuwepo.

Umbali wa hatua chache

Tusidanganyane kwanza. Hakukuwa na zama za dhahabu ambapo kila mwanamume alimbeba mtoto mgongoni. Kwa Wakikuyu, mtoto mdogo alilala kwa nyumba ya mama, na mzee alikuwa na thingira yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, anaeleza jinsi elimu ya mwanzo ilivyokuwa mikononi mwa mama, kwa nyimbo na mazungumzo, kisha baba akamchukua mvulana alipokua na kumfundisha mimea, mifugo na mipaka ya shamba. Kwa Waluo, watoto walipata hadithi kwa bibi ndani ya siwindhe, na wavulana wakapata mambo ya ukoo kwa wazee kwenye duol. Huko Pwani mtoto alianza chuo cha Kurani akiwa bado mdogo, na mara nyingi mwalimu aliyemshikisha herufi za kwanza alikuwa mwanamume.

Kwa hivyo kazi ziligawanywa, ni kweli. Lakini angalia umbali wenyewe. Kutoka nyumba ya mama hadi thingira ni hatua chache. Mtoto wa miaka minne alimwona baba yake akiamka, akichonga mpini, akibishana na jirani, akila. Aliweza kumtembelea na kufukuzwa na kurudi tena. Malezi mengi hupita kwa njia hiyo, bila mtu kuketi na kusema sasa nalea. Kilichokuja baadaye hakikubadilisha mgawo wa kazi tu. Kiliongeza umbali, kutoka hatua hadi maili za reli.

Mshahara wa mtu mmoja

Kodi ya nyumba ilianza 1901, mwaka uleule reli ilipofika Kisumu. Mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, iliyowafikia pia vijana ambao hawakuwa na nyumba za kutozwa. Kodi ililipwa kwa pesa, na kwa wengi pesa zilipatikana mahali pawili: kwenye shamba la mzungu au mjini. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka kumi na sita alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kijikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kuacha kazi bila mwajiri kutia sahihi kulikuwa kosa.

Sasa fikiria maana yake kwa mtoto wa miaka mitatu kule Siaya au Murang'a. Baba hawezi kusema wiki hii narudi nyumbani, mtoto ana homa. Karatasi iliyo shingoni inamkataza.

Tena mshahara wenyewe ulihesabiwa kwa ajili ya mtu mmoja. Waajiri na serikali walichukulia kwamba mfanyakazi Mwafrika mjini ni kapera, hata akiwa na mke na watoto watano, kwa sababu familia ilidhaniwa kujilisha yenyewe shambani kwa jasho la mama. Kwa hivyo mama wa kijijini alikuwa akimlipia mwajiri wa Nairobi sehemu ya gharama za mfanyakazi wake bila kuulizwa. Makao ya mjini yalifuata hesabu hiyohiyo. Katika landi za reli kule Muthurwa na katika vyumba vya Waafrika vya baraza la mji, wanaume walibanana, na kilichokodishwa mara nyingi kilikuwa nafasi ya kitanda. Mtoto angelala wapi?

Mwaka wa 1954 kamati ya kuchunguza mishahara ya Waafrika, chini ya F. W. Carpenter, ilitoa ripoti iliyokiri mambo haya waziwazi. Ilisema karibu nusu ya wafanyakazi Waafrika wa mijini katika kampuni za watu binafsi walikuwa wakilipwa chini ya kiwango cha kuwatimizia mahitaji ya msingi. Ikapendekeza mshahara wa chini upandishwe hatua kwa hatua, uache kuwa wa kapera na uwe wa mtu mwenye familia. Nusu karne ya kodi ilikuwa imeshapita. Wanaume waliokuwa watoto wakati kodi ilipoanza walikuwa sasa wazee, na walikuwa wamewalea wana wao kwa barua, kwa hundi ya posta, na kwa likizo ya mara moja kwa mwaka.

Hapo ndipo ile picha ya baba tunayoijua ilipokomaa: baba ni mtafutaji. Upendo wake unapimwa kwa alicholeta. Akija na sukari na viatu amelea. Akija mikono mitupu, hata akikaa na mtoto mchana kutwa, watu watauliza huyu anafanya nini nyumbani. Tumeiita desturi. Ukiichunguza, utaona ni hesabu ya mwajiri iliyogeuzwa kuwa heshima.

Nasari ya kijiji chenye handaki

Vituo vya kwanza vya watoto wadogo nchini Kenya vilianzishwa miaka ya 1940, mijini, kwa ajili ya watoto wa Wazungu na Waasia. Watoto Waafrika walipata vyao kwenye mashamba makubwa ya chai, kahawa na miwa, ili mama zao waweze kuvuna. Kisha ikaja Hali ya Hatari.

Ilitangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na makumi ya maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru wakakamatwa, wakachujwa, wengi wakapelekwa kambi kama Manyani na Mackinnon Road. Mwaka huohuo serikali ilianza kuwahamisha watu wa Mkoa wa Kati kutoka kwa maboma yao yaliyotawanyika na kuwabana kwenye vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa. Zaidi ya watu milioni 1 walihamishiwa vijiji zaidi ya 800. Wengi wa waliobaki humo walikuwa wanawake, wazee na watoto.

Wanawake hao walilazimishwa kufanya kazi ya umma: kuchimba handaki, kutengeneza barabara, kukata matuta shambani. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kupelekwa kwenye handaki, na hawezi kuachwa peke yake. Kwa hivyo vijijini vikatokea vituo vya watoto. Mwanamke mmoja au wawili waliwakusanya watoto mahali pamoja, wakawalinda, wakawalisha kilichopatikana, wakawaimbia.

Hii ni mojawapo ya mizizi ya nasari ya Kenya, na kwangu ndiyo inayoeleza mengi zaidi. Nasari hizi zilianza kama jibu kwa swali la nani akae na mtoto wakati baba yuko kizuizini na mama yuko kwenye kazi ya kulazimishwa. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba mwalimu wa watoto wadogo awe mwanamke, alipwe kidogo au asilipwe, na baba asihusike. Hali ilipanga hivyo. Na hali ilipokwisha, mpango ukabaki.

Wanaume waliorudi kutoka kizuizini miaka mitano, sita baadaye waliwakuta watoto waliokuwa wakinyonya sasa wanakaribia kwenda shule. Katika familia nyingi za Mkoa wa Kati bado husimuliwa jinsi mtoto alivyojificha nyuma ya gauni la mama akiuliza huyu mtu ni nani. Hakukuwa na darasa la kumfundisha baba huyo jinsi ya kuanza upya. Kulikuwa na shamba lililogawanywa akiwa hayupo, na kazi ya kutafuta.

Mlangoni kamati, ndani mwalimu

Uhuru ulikuja na Harambee. Shule za nasari zilizagaa nchini kwa kasi kuliko serikali ilivyoweza kuzihesabu. Kijiji kilitoa kiwanja, kanisa likatoa ukumbi, wazazi wakatoa karo ya mwalimu. Hapa wanaume walionekana. Walichimba msingi, wakapanga mawe, wakapigilia mabati. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee wa kijiji, mweka hazina mfanyabiashara. Jengo lilipokamilika wakafungua kwa hotuba, kisha wakatoka. Aliyeingia ndani kukaa na watoto arobaini kwenye sakafu ya udongo alikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, ambaye mshahara wake ulitegemea kama mahindi yameuzwa.

Mgawo huu ulikaa vizuri kiasi kwamba hakuna aliyeuona. Mwanamume alimjengea mtoto shule, na kwa kweli alijinyima kuijenga. Haikumpitia kwamba ndani kuna nafasi yake.

Serikali iliingia taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, ilianzisha mradi wa elimu ya chekechea kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, mradi uliodumu hadi 1982. Mwaka wa 1980 nasari zilihamishwa rasmi kutoka upande wa huduma za jamii hadi Wizara ya Elimu. Mwaka wa 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa, NACECE, na mwaka uliofuata matawi ya wilaya, DICECE, ya kuwafunza walimu na kuandaa vifaa.

Katika kazi ya vituo hivi kuna jambo dogo linalostahili kukumbukwa. Hakukuwa na pesa za kununua vitabu na vinyago, na mtaala ulitaka mtoto afundishwe kwa lugha ya kwao. Kwa hivyo walimu walirudi kwa jamii kukusanya hadithi, vitendawili, nyimbo na michezo, na wazazi wakaitwa kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa mbao, nyaya, vibuyu na vitambaa. Mzee aliyejua kuchonga ng'ombe wa mti akawa na sababu ya kuingia darasani. Hakuitwa kama mtu mwenye upungufu anayehitaji somo. Aliitwa kwa sababu alikuwa na kitu ambacho mwalimu hana.

Pwani nako kulikuwa na njia nyingine. Katika miaka ya 1980 wazazi Waislamu walitaka watoto wao wafaulu shuleni bila kuacha dini, na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan shule za awali za madrasa zikaanza Mombasa, mwalimu Bi Swafiya Said akiongoza kazi hiyo. Mpango huo baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Kila shule ilikuwa na kamati ya jamii iliyobeba mzigo wa kuiendesha. Mwanamume aliyekuwa akidhani nasari ni michezo ya akina mama alipoona Kurani na hesabu chini ya paa moja, alikuwa na neno la kuchangia.

Wanaume walipochagua wenyewe

Mpaka hapa ni rahisi kuwalaumu wakoloni na kunyoosha miguu. Lakini kuna tarehe moja inayotunyima raha hiyo.

Mwaka wa 1959, ukoloni ukielekea ukingoni, ilipitishwa sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumshtaki baba wa mtoto na kudai pesa za matunzo. Kizungu iliitwa Affiliation Act. Baada ya uhuru wanawake waliitumia, na wanaume wengi, wakiwemo wenye kazi nzuri, wakajikuta mahakamani. Malalamiko yakafika bungeni. Wabunge walisema sheria ni ya kigeni, haiendani na mila zetu, inawafanya wasichana kutegea wanaume wenye mishahara. Mwaka wa 1969 wakaifuta.

Bunge hilo halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Grace Onyango wa Kisumu, wa kwanza kushinda kiti, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, sheria ikiwa tayari imezikwa. Hapakuwa na kipande tena, wala Carpenter. Wanaume Wakenya huru, wakiwa na uwezo wa kuamua, waliamua kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hana madai ya lazima kwa baba yake. Na neno walilotumia kujitetea lilikuwa lilelile tunalolisikia leo: utamaduni.

Kurekebisha hilo kulichukua zaidi ya miaka arobaini. Sheria ya Watoto ya 2001 bado ilimwachia baba asiye na ndoa mwanya. Jukumu lilimwangukia akiliomba, akikubaliana na mama, au akiwa ameshamkubali na kumtunza mtoto. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, ikasema mtoto ana haki ya malezi ya wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la. Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ikafuata mkondo huo. Leo, kwa sheria, hakuna mtoto wa mama peke yake nchini Kenya.

Nayataja haya kwa sababu yanagawa lawama vizuri. Umbali wa baba uliletwa na watu wenye maslahi, kisha ukahifadhiwa na watu wengine wenye maslahi. Mwanamume anayesema mimi ni zao la historia asome pia mwaka wa 1969.

Darasa la kina baba

Turudi sasa kwenye ile duara ya wanaume. Kampeni ya kimataifa ya MenCare ilizinduliwa 2011, ikiongozwa na mashirika mawili, Promundo lililoanzia Brazili na Sonke la Afrika Kusini. Kutoka hapo zikatoka programu nyingi, na moja ya zilizochunguzwa kwa makini iko jirani, Rwanda. Inaitwa Bandebereho, yaani mfano wa kuigwa. Shirika la RWAMREC liliwakusanya wanaume wenye wake wajawazito au watoto wa chini ya miaka mitano kwa vikao kumi na tano, na wake zao wakajiunga kwa vikao nane. Walizungumza kuhusu pesa, ulevi, hasira, kubadilisha nepi, kucheza na mtoto, na baba zao wenyewe.

Utafiti uliofuata ulihusu jozi karibu 1,200 za wanaume na wake zao. Miezi ishirini na moja baada ya kuanza, wanawake waliosema wamepigwa na waume zao walikuwa takriban asilimia 33 kwa waliopitia vikao na asilimia 57 kwa wasiopitia. Watoto nao walipigwa kidogo zaidi, na wanaume walitumia muda mwingi zaidi kwa kazi za nyumbani na za mtoto. Watafiti waliporudi miaka kadhaa baadaye walikuta mabadiliko mengi bado yamesimama.

Mfano mwingine, ambao historia yake inafanana na yetu kwa namna ya kuumiza, uko kaskazini mwa Uganda. Kule Atiak, wilaya ya Amuru, shirika la Save the Children pamoja na Chuo Kikuu cha Georgetown waliendesha mpango ulioitwa REAL Fathers kuanzia 2013. Ulilenga vijana wa kiume wa miaka 16 hadi 25 wenye watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Vijana hawa walikulia kwenye kambi za wakimbizi wa ndani wakati wa vita vya Lord's Resistance Army, vita vilivyowafurusha watu zaidi ya milioni 1.5. Kambini baba hakuwa na shamba wala ng'ombe. Wang oo, ule moto wa jioni ambapo Waacholi walikaa kuwafundisha watoto, ulizimika. Kijana alifika umri wa kuoa bila kumwona mwanamume akilea.

Mpango haukuwapa mihadhara mingi. Uliwapa kila mmoja mshauri, mwanamume mwenye umri na heshima kutoka jamii yao, ambaye aliwatembelea nyumbani na kuwakutanisha kwa vikundi kwa miezi sita. Mabango yenye picha za baba na mtoto yalibandikwa kijijini, na mwishoni jamii ikafanya sherehe. Ukatili kwa wake na kuwachapa watoto ulipungua.

Ona kilichofanya kazi hapo. Waliojenga mpango huo walijua kwamba kambi ndiyo iliyovunja mnyororo, wakatafuta pete moja ya kuuunga. Kama wangeanza na dhana kwamba Mwacholi kwa asili hajali watoto, wangetengeneza mpango mwingine kabisa, na nadhani ungeshindwa.

Saa nne asubuhi, Jumanne

Tangu 2013 nasari za umma ziko chini ya kaunti, kama Katiba ilivyoagiza. Madarasa mengi yamejengwa, na walimu wengi wameajiriwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa 2019, unawataja wazazi kama washirika wa mwalimu kuanzia PP1. Kwa karatasi, lango liko wazi.

Lakini jaribu kuingia. Mkutano wa wazazi umepangwa Jumanne saa nne asubuhi. Baba wa mjengo saa hiyo yuko juu ya jukwaa la mbao, na siku asipofika halipwi. Wa bodaboda anakosa wateja wa asubuhi. Askari wa usiku ndio kwanza analala. Kondakta wa matatu alitoka mtoto akiwa amelala na atarudi mtoto akiwa amelala. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili za likizo yenye malipo mtoto anapozaliwa, na hilo ni jambo jema kwa mwenye barua ya kazi. Ila zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kumi nchini wako kwenye jua kali na vibarua. Wao hiyo likizo huisikia kwa redio.

Kwa maneno mengine, mshahara wa kapera bado upo. Umebadilisha nguo tu. Kibarua analipwa kama mtu asiye na mtoto, kwa saa ambazo mtu mwenye mtoto hawezi kuzifanya bila mtu mwingine kubeba zilizobaki. Na huyo mtu mwingine ni yuleyule wa 1954.

Kwa hivyo mpango wa kina baba unaouliza tu kuhusu mawazo ya mwanamume unauliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni ya kaunti, ya mwajiri na ya shule. Kuna mambo yasiyohitaji mfadhili. Mkutano mmoja kwa muhula unaweza kuwekwa Jumapili alasiri. Fomu ya kumsajili mtoto inaweza kuwa na mstari wa namba ya simu ya baba, na mwalimu aipige siku mtoto akifanya vizuri, si siku ya karo peke yake. Fundi seremala mwenye mtoto PP2 anaweza kuitwa nusu saa aonyeshe watoto jinsi randa inavyofanya kazi, kama wazee wa DICECE walivyoitwa na vinyago vyao. Mzee wa mtaa anaweza kupewa vijana watatu wenye watoto wadogo awatembelee, kama Atiak.

Na kuna sehemu isiyongoja kaunti wala mwajiri. Nairobi wanaume wengi hupata dakika ishirini jioni, japo si kila siku. Mtoto wa miaka minne hahitaji mtaala katika dakika hizo. Atakuuliza kwa nini mwezi unafuata matatu, na ukimjibu vibaya atakuuliza tena. Babu wa babu yako alikuwa na muda huo bila kuupanga, kwa sababu mtoto alitembea hatua chache akamkuta. Baba yake alinyang'anywa. Wewe unao kidogo, na hakuna karatasi shingoni mwako inayokukataza kuutumia.